Seti ya kuunda randa ya mbao: kisu safi, mbao mbichi, na yule bwana wa simu

Nilikuwa nimeshajiambia siandiki. Hasira zimepoa, randa nyingine nimeshapata, yameisha. Lakini juzi mtu kauliza humu kama hii seti ya kujiundia randa inafaa, watu wawili wakamjibu "inafaa sana", nikashindwa kunyamaza. Inafaa nini? Ngoja niwasimulie.

Mimi si seremala. Mchana kutwa nashinda na hesabu za watu, jioni naingia chumba cha nyuma kuchonga visanduku ambavyo hakuna aliyeniomba. Randa ya chuma ninayo, nzito, na kazi inafanya. Ila randa ya mbao ina raha yake. Inateleza yenyewe juu ya mbao, nyepesi mkononi, na kama umeiunda kwa mikono yako unaijua kila kona. Nilitaka hiyo raha. Mwaka juzi, au mwishoni mwa ule wa kabla yake, nikaagiza seti: mashavu mawili, yaani mbao za ubavuni, vipande viwili vya katikati vilivyokwisha kukatwa mteremko wa kulaza kisu, kijiti cha kukatiza kinachoibana kabari, kipande cha kuchongea kabari yenyewe, na kisu pamoja na kifuniko chake, kile chuma kinacholala juu ya kisu. Vipimo vingine vyote viko kwenye tangazo lao, siwachoshi.

Mtindo wenyewe ni ule alioueneza James Krenov, fundi samani na mwandishi wa vitabu vya useremala. Badala ya kuchimba gogo zima kwa patasi mpaka upate tundu la kisu, unalipasua gogo pembeni, unakata cha katikati, halafu unaligandisha tena kwa gundi. Tundu linajitokeza lenyewe. Kwa mtu wa jioni kama mimi ni neema tupu, maana kuchimba tundu la randa kwa mtindo wa zamani ni kazi inayotaka mkono uliozoea.

Kuunda kulinipa jioni tatu nne za furaha, sitadanganya. Kinachotaka subira hasa ni mdomo, ule upenyo wa chini kisu kinapotokea. Unapiga tupa mara tatu, unaweka kisu, unainua randa kwenye mwanga unatazama, unapiga tena mara mbili. Mwanya wa mbele ya kisu unatakiwa uwe wa unene wa karatasi chache tu, na ukishapitiliza hakuna kurudi. Halafu tumbo la randa linasuguliwa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, kisu kikiwa ndani, kimekazwa na kabari lakini kimerudishwa nyuma kisiguse. Wengi wanakitoa kisu kwanza. Wanakosea. Kabari ikikaza, mwili wa randa unapinda kidogo, kwa hiyo unyooshe ukiwa umepinda vilevile kama utakavyokuwa kazini.

Siku ya kwanza nilitoa utepe mmoja mrefu, mwembamba, ukiulaza juu ya maandishi unayasoma. Nikamwita mke wangu. Akaja, akautazama, akasema hongera, akarudi alikotoka. Mimi nilibaki pale naendelea kutoa tepe mpaka kile kipande cha mbao kikakaribia kwisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yote. Haikumaliza hata msimu.

Ukavu ulipoingia, usiku mmoja watu wamelala, nikasikia "ta!" kutoka chumba cha nyuma, kama mtu kavunja kuni kavu. Nikawasha taa. Shavu la kushoto limepasuka kuanzia usawa wa mdomo kwenda nyuma, ufa unaingiza ukucha. Na kisu hakitoki. Nikagonga kisigino cha randa, yaani ncha yake ya nyuma, kwa nyundo ya mti kama inavyotakiwa, kabari ikalegea, ikatoka. Kisu kimebaki palepale, kimebanwa kama kidole mlangoni. Nikakaa kwenye stuli nikaitazama. Kuna meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545, na kati ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari zimo randa za mbao za maseremala wake. Zaidi ya miaka 400 chini ya maji. Yangu imekufa juu ya meza, kavu, usiku, hakuna aliyeigusa.

Kilichotokea si uchawi. Chuma hakisinyai. Mbao inasinyaa, tena si kwa urefu, ni kwa upana. Kisu kina milimita 44, nafasi yake kati ya mashavu walikuwa wamekata milimita 45. Vile vipande vya katikati vilipokauka vikavuta mashavu ndani, mashavu yakakutana na chuma, na chuma hakina adabu ya kumpisha mtu. Kikakaa. Shavu likapasuka.

Nikapiga simu. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu randa kupasuka ningesamehe.

Akapokea bwana mmoja, sauti ya mtu anayekula huku anaongea. Nikaeleza. Akaniuliza, "Mzee, ulitumia nyundo?"

Nikamwambia randa ya mbao haina skrubu ya kurekebishia, ukitaka kisu kishuke unakigonga nyuma, ukitaka kirudi unagonga kisigino. Bila nyundo unairekebisha kwa maombi?

"Sasa hapo ndipo ulipoipasua."

Nikamweleza tena, taratibu, kwamba imepasuka usiku nikiwa kitandani, na kisu kimebanwa. Akasema, "Mbao ni kitu cha asili, mzee wangu. Inapumua."

"Najua inapumua. Nyinyi ndio mlitakiwa muiache ipumue kabla ya kuniuzia."

Kimya kidogo. Namsikia anatafuna. Halafu: "Kwani wewe ni fundi?"

Jamani. Kwanza huo uzee: hamsini sijaifika. Kuna "mzee wangu" ya heshima na kuna "mzee wangu" ya kumwondoa mtu mlangoni, na sote tunazijua kwa sauti. Lakini hilo swali ndilo nililolala nalo. Kwani mimi ni fundi? Si fundi! Tangazo lenu limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni kwa wapenda useremala wa nyumbani. Fundi ana gogo lake, ana msumeno wake, seti yenu ataipeleka wapi? Mnamuuzia asiye fundi, halafu akilalamika mnamuuliza ufundi kauachia wapi.

Kesho yake, kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, nikafanya hesabu. Vile vipande vinakuja virefu kupita kiasi, ukishagandisha unakata ncha. Ncha moja nilikuwa nimeirudisha kwenye nailoni yao na kufunga, kwa sababu situpi kitu (mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo). Nikaipima: gramu 118. Nikaiweka kwenye oveni kwa nyuzi 100 na ushee, naitoa naipima, naitoa naipima, mpaka uzito ukakataa kushuka. Gramu 99. Yaani maji yalikuwa gramu 19 kwa gramu 99 za mbao, asilimia 19. Mbao ya kukaa ndani ya nyumba inatakiwa iwe kati ya asilimia 8 na 12 hivi. Kutoka 19 kuja 10, mbao ngumu kwa upande unaosinyaa sana inapoteza kama asilimia 3 ya upana. Kwa milimita 45, hiyo ni milimita moja na ushee. Nafasi yote ya pembeni waliyomwachia kisu ilikuwa milimita moja. Randa ile ilikuwa imeshahukumiwa kabla sijaikata ule mkanda wa boksi.

Nikawaandikia na hesabu zote. Hawakujibu. Nikawapa nyota moja, nikaandika maneno ambayo baadaye niliyafuta.

Haya, niseme na lililo upande wangu, maana mtu atakuja kunikumbusha. Karatasi yao ya maelekezo, nyuma kabisa, kwa herufi za sisimizi, inasema vipande viachwe chumbani wiki mbili kabla ya kupaka gundi. Mimi boksi liliingia jioni, kesho yake usiku gundi imeshapakwa. Kwa hiyo ndiyo, nilikosea. Nililiona hilo nikiwa nimeshatuma barua, nikaona aibu siku nzima.

Halafu nikafikiri vizuri, aibu ikaondoka. Mbao nene vile, ina unyevu wa asilimia 19, ikauke kwa wiki mbili? Haikauki. Ningesubiri hizo wiki mbili, ufa ungekuja uleule, labda mwezi mmoja baadaye. Na kama mnataka ikauke, kwa nini mmeifunga kwenye nailoni kama samaki?

Kisu sikukiacha kiozee mle. Ule mwili niliupasua wote kwa patasi, vipande nikavitupa, kwa mara ya kwanza nikatupa kitu. Na sasa, wale wawili mliojibu "inafaa sana", hapa ndipo nitawapa haki yenu, ingawa si yote.

Nilikuwa na mguu wa kitanda cha zamani, kitanda chenyewe kilivunjika siku nyingi, mguu umekaa pembeni miaka na miaka. Mkavu mpaka ukiugonga unalia. Nikaupasua mashavu, nikakata mteremko wa digrii 45 mwenyewe, kwa msumeno wa mkono. Msumeno ukayumba. Nikanyoosha kwa ile randa yangu ya chuma na patasi, nikaona pamekaa sawa, nikagandisha. Safari hii nafasi ya kisu nikaipa milimita 47, bwana chuma ajinyooshe.

Jaribio la kwanza, aibu tupu. Randa inaruka, inapiga kelele, inaacha mistari kama ngazi. Nikadhani kisu. Nikakinoa, bado. Nikachonga kabari nyingine, bado. Mwisho nikapitisha ule upande wa kisu unaolala mteremkoni juu ya moshi wa mshumaa mpaka ukawa mweusi, nikakiingiza mahali pake, nikakaza, nikatoa. Masizi yamebaki katikati ya mteremko tu, doa moja ukubwa wa kitufe cha shati. Yaani kisu kilikuwa kimekaa juu ya kilima, huku ncha yake kule mdomoni inaning'inia haina pa kuegemea. Lazima kitetemeke. Nikakwangua lile doa kwa patasi, moshi tena, kwangua tena. Mara ya sita au ya saba masizi yakaenea mpaka karibu na mdomo.

Nikakaza, nikasukuma. Kelele zimekwisha. Kukabaki mlio kama kitambaa kinachanwa polepole, na utepe unapanda kupitia mdomo unajikunja juu ya mkono wangu, na ile mbao nyuma yake inang'aa bila kuonja msasa.

Ndipo nilipokijua kile kisu. Mgongo wake wameshaunyoosha vizuri, nilisugua kwenye kinoo dakika chache ukatoa uso wangu kama kioo. Makali yanakaa. Nimepiga randa meza nzima ya jikoni, mbao yenye nyuzi za kupinda na mafundo mawili, nikakinoa mara moja tu katikati ya kazi. Kisu cha randa yangu ya chuma kingeshaomba kinoo mara tatu. Kifuniko nacho kinalala juu ya kisu bila mwanya, hakuna taka inayopenya. Aliyetengeneza chuma hiki anajua kazi. Anakaa jengo moja na yule bwana anayetafuna? Siamini.

Kwa hiyo ile nyota moja niliipandisha zikawa nne. Usiku ule nilipokumbuka "kwani wewe ni fundi" nikazishusha tatu. Sasa hivi wakati naandika ni mbili, na nahisi zitashuka tena nikiendelea. Kama wanauza kisu na kifuniko peke yake, nunueni bila kuuliza, mbao tafuteni kuukuu yenu wenyewe. Kama wanakulazimisha uchukue seti nzima, basi ichukue, toa kisu, na vile vipande viache juu ya kabati mwaka mzima, huku unavipima uzito kila mwezi mpaka viache kupungua.

Majuzi wamenipigia. Safari hii binti mmoja, mpole, ananiita kaka. Kumbe ile barua yenye hesabu imeonwa na mtu huko ndani, wanasema wamebadilisha wanakokaushia mbao. Mwili mwingine wangenitumia bure, nikakataa, nikamwambia ninao. Akauliza ninao wa aina gani, nikamweleza habari za mguu wa kitanda. Akacheka, kisha akaomba picha ya hiyo randa, waiweke kwenye tangazo lao kama mfano wa kazi ya mteja.

Nikamuuliza, "Kwani mimi ni fundi?"

Binti wa watu hakuelewa. Akasema, "Samahani kaka?"

Nikakata simu. Nikakaa na hasira zangu kama nusu saa. Halafu nikaipangusa randa vumbi, nikaisogeza dirishani penye mwanga, nikawatumia picha tatu.