Daraja la miguu juu ya Northern Bypass, nikiwa na baiskeli na trei sita za mayai

Kila siku napeleka mayai kwa wakaangaji wa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ng'ambo ya Northern Bypass, barabara kuu inayozunguka kaskazini mwa Kampala, si mbali na soko la Kalerwe. Trei sita, mayai 180, nimeyafunga kwenye keria kwa vipande vya tyubu. Kwa hiyo daraja hili mimi nalipima kwa mayai.

Kwa mtu wa miguu halina neno. Vyuma vya pembeni vinafika kifuani, na chini huko magari yanakimbia vibaya tangu barabara ipanuliwe. Shida ni ngazi. Mteremko hakuna, ni ngazi tupu. Navuta baiskeli kidato kwa kidato, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria, na pedali inanichapa muundini. Kushuka ndiko kubaya zaidi: ukibana breki tairi linateleza, ukiachia baiskeli inakutangulia. Mwezi uliopita iliniponyoka zikiwa zimebaki ngazi nne. Mayai 41! Mama mmoja aliyekuwa akipanda na mtoto mgongoni akasema, "Bambi, ssebo, pole," akainama tukaokota yaliyopona.

Tangu siku hiyo alfajiri naliacha daraja, navuka barabarani kwenyewe, kabla malori hayajazidi. Najua ni ujinga, na siko peke yangu.

Cha ajabu, boda boda yenyewe ilianza kama baiskeli, kule mpakani Busia, kabla ya pikipiki. Leo mwenye baiskeli hakumbukwi hata na mchora ngazi.

Mteremko nao si jambo jepesi, lazima niseme kweli. Ili lori lipite, daraja liinuke kama mita 5. Ukitaka mtu apande akiwa anaendesha, kila mita 1 ya kimo inahitaji kama mita 20 za urefu, yaani mita 100 kila upande. Utazilaza wapi, juu ya vibanda vya nyanya? Njia ya chini ya barabara ingetufaa zaidi, maana mwendesha baiskeli anatosha kwenye kimo cha mita 2 na nusu, tena anashuka kwanza na kasi ile ile inampandisha. Lakini anayeujua mtaa jirani wa Bwaise siku ya mvua, unavyofurika, anajua tutakuwa tumechimba bwawa la kambare.

Basi sitaki makubwa. Nataka mfereji wa chuma, upana wa tairi, uchomelewe kando ya ngazi toka juu hadi chini, usibanane na vyuma vya pembeni, pedali isije ikagonga. Baiskeli isukumwe, isibebwe. Wachomeleaji wanaotengeneza mageti hapa hapa mtaani wanaiweza kazi hiyo.

Nyota mbili kati ya tano. Ya tatu nitaongeza chuma kikifika. Kwa sasa mteja wangu mkubwa anahesabu mayai kabla sijafungua tyubu.