Daftari la kumbukumbu baada ya kuumia kichwa: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Niliumia kichwa mara mbili: kwanza kwenye ajali ya gari, kisha nikaanguka kwenye ngazi miezi minane baadaye, kabla sijapona sawasawa. Kovu limefunikwa na nywele na watu wananiona mzima. Lakini jambo la asubuhi kwangu halifiki jioni. Ya zamani ninayo. Namkumbuka mwalimu wangu wa darasa la pili na hata mwandiko wake ubaoni. Ila ukiniambia utanipigia saa kumi, saa kumi simu ikilia nashangaa ni nani na anataka nini.

Nimejaribu vitu vingi. Nitaanza na kilichonipotezea muda: michezo ya simu ya kunoa ubongo. Nilicheza kila siku kwa karibu miezi minne, alama zikapanda kweli, nikafurahi. Siku hiyohiyo niliyovunja rekodi yangu niliacha sufuria ya maji jikoni ikakauka mpaka kitako kikageuka rangi ya samawati. Nilikuwa nimekuwa hodari wa ule mchezo, basi.

Kilichonisaidia ni daftari. La karatasi, lenye jalada gumu, linaloingia mfukoni, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isinikimbie. Langu ni la rangi ya chungwa kwa sababu nalitafuta mara nyingi kwa siku na rangi hiyo haijifichi. Kuna kurasa za leo, kurasa za ahadi, na nyuma kuna kurasa za watu.

Ukweli ni kwamba daftari la kwanza halikunisaidia hata kidogo. Nilisahau kwamba ninalo. Hili ndilo watu hawaambiwi wanapopewa daftari wakiruhusiwa kutoka hospitali: chombo cha kumsaidia msahaulifu nacho kinasahaulika. Nikalitupa nikiamini mimi ndiye nisiyesaidika.

Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemfundisha mgonjwa kuzimudu tena shughuli za kila siku, ndiye aliyebadilisha mambo. Alinisimulia habari za Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, akapoteza uwezo wa kuhifadhi mambo mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi ile, na kila siku mkono wake uliifanya vizuri zaidi. Mtaalamu aliponiambia hivyo nililia. Kumbe kumbukumbu si chumba kimoja. Mkono unaweza kujua jambo ambalo mwenyewe hana habari nalo.

Kwa hiyo tulifundisha mkono. Mtaalamu ananiuliza, "Leo ni siku gani?" na kabla sijakisia anauongoza mkono wangu mfukoni, nafungua, nasoma. Mara ishirini, thelathini, kikao baada ya kikao. Hakuniruhusu kubahatisha, na sababu yake ilinikaa kwa sababu niliiandika: mtu mwingine hujifunza kwa makosa kwa kuwa anakumbuka kwamba lilikuwa kosa. Mimi jibu la kosa linabaki, ila kwamba ni kosa linafutika, na kesho nalitoa kana kwamba ndilo sahihi. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Barbara Wilson walichapisha utafiti juu ya kujifunza bila kukosea mwaka 1994. Kwangu ilichukua wiki kumi na moja hadi mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Nyumbani ilibidi wajifunze pia. Mke wangu alizoea kunijibu kila nilichouliza, kwa huruma. Sasa anasema tu, "Fungua daftari, baba watoto." Mwanzoni niliona ukali. Leo naona ananirudishia heshima yangu.

Simu naitumia kwa kengele peke yake, na nashauri iende pamoja na daftari. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2001 uliwapa watu 143 kifaa cha kuwakumbusha shughuli zao. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza waliweza kutimiza mambo yao vizuri zaidi. Ila kengele isiyo na maneno ni kelele tu. Nilikuwa naizima nikiwa sijui iliita kwa nini. Sasa kwenye kioo cha simu panasomeka: "Meza kidonge cheupe sasa, ukiwa umesimama hapo hapo. Kisha weka tiki ukurasa wa leo." Kidonge kinatoka kwenye kisanduku chenye vyumba saba, kizuri, sina la kuongeza. Kurekodi sauti niliacha: rekodi zilirundikana na sikuwa na nguvu ya kuzisikiliza.

Kasoro za daftari zipo. Nisipoandika papo hapo, jambo limepotea. Nikichoka, na uchovu wa kichwa kilichoumia hauna mfano, mwandiko wenyewe hausomeki. Niliwahi kulisahau kwenye basi, wiki tatu za maisha yangu zikaenda nalo. Tangu hapo mke wangu anapiga picha kurasa kila usiku.

Lakini sababu ya kuandika haya ni kurasa za watu. Mjomba wetu alifariki, na mimi nilimwuliza dada yangu hali ya mjomba mara tatu kwa wiki moja. Mara tatu alinyamaza, akameza mate, akaniambia upya. Mara ya tatu binti yangu aliniambia nilichokuwa nafanya. Niliandika kwa herufi kubwa: "Mjomba amefariki. Usimwulize dada hali yake. Mpe pole, mwulize habari za goti lake." Nikisoma, huwa kama napata habari kwa mara ya kwanza, na inauma vilevile. Ila uchungu huo sasa naubeba mimi.

Jana dada alipiga simu. Niliiacha ilie mara nne nikiwa nafungua ukurasa wake, kisha nikapokea nikamwuliza goti linaendeleaje. Alikaa kimya kidogo. Halafu akaanza kunieleza, taratibu, nami nikawa naandika.