TAHADHARI: Msitume pesa za "kusafisha viza" za watoto wetu walioko Dubai

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwenye mtu wake Dubai, Sharjah, Abu Dhabi au kwengineko Imarati, tafadhali asome haya kabla hajatuma hata shilingi moja.

Hapa Mombasa kuna bwana anayejiita wakala wa viza. Ofisi hana. Hukutana na watu kwenye mikahawa ya Mwembe Tayari, na hufika mpaka majumbani Kisauni na Likoni, amejiweka vizuri, mkoba wa makaratasi kwapani. Waliosafiri hana haja nao. Anawatafuta mama zao. Anajua aliye kule anaweza kwenda kuuliza mwenyewe, lakini mama aliye hapa hana la kushika ila simu na wasiwasi. Basi humkalisha mama akamwambia: mwanao viza imemwishia, faini inapanda kila siku, akishikwa ataingia jela. Mimi nina mtu wangu ndani ya uhamiaji wa huko. Nitamsafishia faini na kumtolea ikama, yaani kibali cha ukaazi, ya miaka miwili, na yeye hana haja hata ya kutoka chumbani.

Hayo maneno ya mwisho yashikeni, kwa sababu hapo ndipo uwongo wake ulipo.

Mtoto wa dada yangu yuko Deira, huko Dubai, anafanya kazi ya saluni. Aliondoka hapa na viza ya matembezi, akaahidiwa kwamba akifika itageuzwa kuwa ya kazi. Haikugeuzwa, siku zikapita. Bwana huyu akazipata habari, sijui kwa nani, akamwendea mamake. Kwanza alitaka shilingi 65,000. Kisha 20,000 za "medikali". Kisha 15,000 za "muhuri". Dada yangu aliuza cherehani yake. Baada ya hapo zikaingia picha mbili kwa WhatsApp: ukurasa wa pasipoti wenye stika ya ikama, na kitambulisho cha Imarati chenye jina na sura ya mtoto. Nyumba nzima ikashukuru Mungu.

Aliyegundua ni mwenzake wanayekaa chumba kimoja, mtu wa miaka mingi kule. Aliziangalia zile picha akauliza: pasipoti yako iko wapi? Iko kwenye begi, haijatoka. Basi hii stika imebandikwa wapi? Tena stika zenyewe Imarati iliziacha tangu 2022. Siku hizi ikama haibandikwi kwenye pasipoti, kitambulisho ndicho kinachoonyesha kwamba mtu ni mkaazi. Wakakigeukia kitambulisho. Namba ya kitambulisho cha Imarati huanza na 784, kisha hufuata mwaka wa kuzaliwa. Mtoto wetu amezaliwa 1999. Kwenye ile picha, baada ya 784 imeandikwa 1988. Ni kitambulisho cha mtu mwengine, jina na sura vimebadilishwa, namba ikaachwa vile vile.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mlio na watoto walioingia kwa viza ya matembezi. Ikama ya kazi ya Imarati haiwezi kutoka mwenye nayo akiwa amelala chumbani. Mwajiri huomba kibali cha kazi kwanza. Mtu akiwa yuko ndani ya nchi, hali yake hubadilishwa humo humo. Kisha lazima aende mwenyewe kwenye kituo cha afya kinachotambuliwa na serikali, atolewe damu na kupigwa picha ya kifua. Kisha alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho. Damu ni yake, kifua ni chake, vidole ni vyake. Mtu wa Mwembe Tayari hawezi kumpelekea vidole mtu aliye Deira. Ukiambiwa "medikali imeshapita" na mwanao hajachomwa sindano, umeibiwa.

Na pesa hizo zote si za mwanao kulipa. Sheria ya kazi ya Imarati ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kwa hivyo anayetaka pesa za viza ya kazi kutoka kwa familia, ama hakuna kazi, ama kuna mtu katikati anakula.

Kinachoniuma zaidi ni zile siku. Anayepitisha muda wa viza hutozwa dirhamu 50 kwa kila siku. Kwa pesa zetu ni kama shilingi 1,750. Mwezi mmoja ni dirhamu 1,500, zaidi ya shilingi 50,000. Huku bwana yule anasema "ngoja wiki ijayo, mtu wangu yuko likizo", kule faini inaongezeka, na mtoto ametulia akidhani mambo yanashughulikiwa. Mwaka 2024 Imarati walitoa msamaha kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Disemba. Mtu angeweza kurekebisha karatasi zake, au kurudi nyumbani bila kulipa faini ya kupitisha muda na bila kufungiwa asirudi. Kuna mama mmoja wa Likoni ameniambia huyu huyu alimzuia mwanawe asiende, akamwambia msamaha ni mtego wa kuwakamata watu. Mungu amhukumu kwa hilo. Sasa anazunguka akisema msamaha mwengine unakuja na yeye anaandikisha majina. Msamaha hutangazwa na serikali yao hadharani, na anayeutaka huenda mwenyewe. Hauna wakala Kisauni.

Ana bidhaa nyengine ya bei ghali zaidi, anaiita viza ya azadi: eti unakuwa chini ya kampuni fulani kwa jina tu, halafu unafanya kazi popote upendapo. Hiyo nayo ni hatari, hata ikama ikiwa ya kweli. Kule unafanya kazi kwa aliyekuombea kibali, ama kwa kibali chengine kilichotolewa rasmi. Ukikutwa kwengine una kosa, na mwenye kampuni akiamka vibaya anaweza kukuripoti kwamba umetoroka kazi. Waajiri nao wamebanwa: tangu sheria ilipobadilishwa 2024, anayemwajiri mtu bila kibali anakabiliwa na faini ya kuanzia dirhamu 100,000 mpaka milioni moja. Ndiyo maana saluni au mkahawa wa maana hautakubali kukaa na mtu wa viza ya matembezi kwa muda mrefu. Anayekubali mara nyingi ni yule anayejua hutathubutu kwenda kumshtaki asipokulipa.

Kuhakikisha ni bure. Kwenye tovuti ya mamlaka ya uhamiaji na vitambulisho ya Imarati, ICP, mtu huingiza namba ya pasipoti na nchi yake, akaona viza yake iko hai au imekwisha. Kama viza imetolewa Dubai, huangaliwa kwenye tovuti ya uhamiaji wa Dubai, GDRFA. Barua ya kazi huangaliwa kwa Wizara ya Kazi yao, MOHRE. Aliye Dubai anaweza pia kwenda kwenye kituo cha Amer, kinachoshughulikia mambo ya viza, na pasipoti yake mkononi, akauliza faini imefika ngapi. Mtoto wetu wa Deira alikwenda, na akajua deni lake ni kiasi gani.

Nasikia bwana huyu ameanza pia kuuza ikama za Saudia. Mambo ni yale yale: sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri alipe ada ya ikama na ya kuihuisha. Namba ya ikama ina tarakimu kumi na huanza na 2. Picha ya ikama yenye namba isiyokuwa hivyo itupeni.

Na anayetaka kusafiri sasa, kabla ya kutoa pasipoti kwa wakala yeyote, aangalie kama jina la kampuni liko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Msiwatumie watu picha za pasipoti ovyo. Yule aliyezaliwa 1988, popote alipo, pengine hajui kitambulisho chake kinazungushwa Mombasa kudanganyia mama za watu.

Aliyetuma pesa leo, apeleke ile meseji ya M-Pesa kwa 456 haraka kuomba zirudishwe. Zikishatolewa kwa wakala wa M-Pesa ni vigumu. Msifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanawaudhi. Nendeni polisi mkaandikishe, mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 313 cha sheria ya jinai ya Kenya (Penal Code), kifungo mpaka miaka mitatu. Aliye kule na amekwama aende ubalozi wetu mdogo Dubai, au ubalozini Abu Dhabi.

Najua wengi wenu mmenyamaza kwa haya, na wengine hamjawaambia hata waume zenu. Haya ni ya mwizi, si yenu. Sisi tumeshaandikisha kesi, na tumeambiwa ikiwa walalamikaji ni wengi itakuwa na nguvu zaidi. Aliyeibiwa na mtu wa namna hii aniandikie faraghani, aje na meseji zake za M-Pesa na zile picha alizotumiwa, twende pamoja kituoni.