Wakili wa kujilipia au wa kupangiwa na mahakama?

Ndugu wa washtakiwa hapa Tabora huuliza swali hili mara tu wanapoishika hati ya mashtaka. Kwa gharama, wakili wa kupangiwa hana mpinzani: katika shauri la mauaji, ambalo husikilizwa na Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili anayelipwa na Serikali, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua njia hiyo kwa mashtaka mengine pia, iwapo jaji au hakimu ataona haki inadai hivyo.

Kwa muda, hata hivyo, wa kujilipia humzidi, kwa kuwa anaweza kuanza tangu mtuhumiwa akiwa kituo cha polisi, akafuatilia dhamana na kumtembelea mahabusu, ilhali nimewaona waliopangiwa wakikutana na mteja asubuhi ileile ya shauri, wakinong'ona naye kwenye benchi kwa dakika chache, jambo linaloniumiza kila mara. Uhodari ni wa mtu binafsi; wote ni mawakili walioapishwa.

Mwenye shtaka lenye dhamana na akiba kidogo ana sababu ya kujilipia. Familia isiyo na akiba isiuze shamba kabla ya kuomba msaada huo mahakamani, tena mapema.