Baiskeli ya kaboni ya matairi manene ufukweni Bagamoyo: uzoefu wangu

Ninayoitumia ina fremu ya kaboni, rimu za aluminiamu zenye upana wa milimita 80 na matairi ya inchi 4.8 yasiyo na tyubu. Kabla ya pambo lolote, nunua kipimo cha upepo wa tairi kinachosoma chini ya psi 15 (psi ni kizio cha presha). Geji ya pampu ya kawaida huishia 160, na kule chini mshale wake hautofautishi 5 na 9. Kwenye mchanga, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapita au utakokota.

Kwa mtu wa kilo 75 hivi: mchanga mkavu, psi 5 nyuma na 4 mbele. Mchanga mbichi maji yakishatoka, 8. Njia ya udongo ya kwenda Magofu ya Kaole, 10 hadi 12. Lami, 15 na kuendelea, la sivyo usukani unavuta wenyewe kwenye kona. Ukishuka chini ya 4, kona moja kali inabandua tairi kwenye rimu na maji ya kuziba pancha yote yanamwagika. Kule Alaska kwenye theluji hutumia psi za chini hivihivi, ila baridi hupunguza upepo tairini. Jua letu huuongeza. Ukijaza alfajiri, pima tena saa tano.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, ndizo nzuri: maji yakitoka, ufukwe unakuwa mpana na mgumu. Mikokoni usiingie, mizizi iliyosimama inatoboa tairi, na tope halijali unene wake.

Wepesi wa kaboni, kusema kweli, unausikia zaidi ukiibeba begani. Faida yake hapa pwani ni kutoshika kutu. Lakini kaboni inapitisha umeme, na ikigusana na aluminiamu penye maji chumvi, aluminiamu ndiyo inayolika. Bomba la kiti la aluminiamu linaota unga mweupe, linavimba, linakwama ndani ya fremu. Lichomoe kila mwezi, lifute, paka pasta ya kaboni, ile ya kuzuia kuteleza (grisi hapana, litateleza), kisha kaza kwa Nm (kizio cha nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye klampu. Osha baiskeli kwa maji ya ndoo yasiyo na chumvi. Presha ya kuoshea magari inasukuma chumvi ndani ya beringi.

Pedi za breki za resini zinaliwa upesi na mchanga. Za chuma zinadumu zaidi, ingawa zina kelele. Spoku na cheni fundi yeyote atakutengenezea. Ekseli ya nyuma ya milimita 197 usitegemee kuikuta dukani, agiza ya akiba mapema.