Mchanga kwa Paka Anayesusa Choo: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Paka akisusa choo chake, yaani beseni la mchanga, swali la kwanza la wengi huwa mchanga gani unaficha harufu vizuri. Pua inayolalamika ni ya mwenye nyumba, lakini miguu inayoingia mle ni ya paka. Malalamiko yanayonifikia yanafanana mno: beseni ni safi, mchanga ni mpya na wa bei mbaya, halafu mkojo uko kwenye zulia. Nikiuliza chembe za mchanga huo zina ukubwa gani, hakuna anayejua.

Kwa hiyo vumbi, uzito na harufu nitavigusia kwa kupita tu. Hapa napanga kwa jambo moja: mguu wa paka unahisi nini ukikanyaga. Nyayo zake ni ngozi tupu yenye mishipa mingi ya fahamu, na ukoo wake unatokana na paka pori wa Afrika na nchi kame za jirani, mnyama aliyezoea kufukua ardhi laini.

Mtazame akiingia. Paka asiyeupenda mchanga hasimami katikati. Miguu yote minne anaipanga kwenye ukingo wa beseni, kama mtu anayevuka tope kwa kurukia mawe. Au anatia mguu mmoja, anautoa, anaukung'uta, anatia wa pili, anaukung'uta nao. Akimaliza anaparuza ukuta wa beseni badala ya mchanga, kisha anatoka mbio bila kufukia kitu. Ukiona hayo, kosa liko kwenye kile anachokikanyaga.

Kuna hali moja ambayo haihusiani na mchanga kabisa. Paka anayerudi chooni kila mara, anachuchumaa na kujikamua, halafu hatoi kitu au anatoa tone lenye damu, huyo anaumwa. Akiwa dume ni dharura, kwa sababu njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mchanga utanunua baadaye.

Nafasi ya kwanza nawapa kampuni ya Dr. Elsey's, na upendeleo huu siufichi. Mchanga wao ni bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa na kushikana kuwa donge moja unalolichota zima zima. Chembe ni ndogo, hazichomi, na paka anaweza kuchimba shimo lake bila mchanga kumporomokea. Kwa mkaidi anza na Cat Attract, ambao umetiwa mitishamba ya kumvuta paka chooni. Akishatulia, mhamishie kwenye Ultra usio na manukato. Mfuko mkubwa wa Ultra ni kilo 18 na mgongo utakuambia, lakini beba. Mimina kina cha sentimita tano hadi saba, maana mchanga mzuri ukiutandaza kiduchu, paka anafikia plastiki na ugomvi unaanza upya. Wenye vitoto vya paka ambavyo bado vinatia kila kitu mdomoni wangoje kwanza, kwani mchanga wa kugandamana, yaani unaoshikana donge kama huu, haufai kumezwa.

Wa pili ni World's Best Cat Litter, unaotengenezwa kwa mahindi. Ni mwepesi, unashikana vizuri, na ukiusugua kati ya vidole hauna ncha. Haushindi bentonaiti kwa ulaini, ila kwa asiyeweza kunyanyua mfuko mzito ndio huu. Chukua usio na manukato na uufunike vizuri, maana ni nafaka na wadudu wanalijua hilo.

Wa tatu ni mchanga wa mbao, lakini ulio laini tu, kama ökocat Super Soft. Neno la kuangalia kwenye mfuko ni hilo la ulaini, "Soft". Mbao za kawaida za kampuni yoyote huja vipande vikubwa na tunarudi kule kule.

Mchanga wa soya una sifa nyingi, ila umbo lake ni vijiti vya mviringo vinavyoteleza chini ya mguu. Paka asiye na makuu ataukubali. Mkaidi ataukung'uta. Fuwele za silika ndizo zinazoniudhi zaidi: zina kingo kali, na zikimwagiwa mkojo zinatoa mlio wa kupasuka. Paka mwoga akisikia mlio huo chini ya tumbo lake, harudi. Vidonge vya karatasi kama Yesterday's News nunua kwa paka aliyetoka kufanyiwa upasuaji, ili chembe zisinate kwenye kidonda, basi.

Vya bei rahisi ni udongo usiogandamana na vidonge vya msonobari. Udongo huo Edward Lowe alianza kuwauzia wenye paka huko Michigan, Marekani, mwaka 1947. Kabla ya hapo ulikuwa wa kunyonya mafuta sakafuni viwandani, na kazi hiyo bado unaifanya vizuri.

Sasa wauzaji. Soma mfuko wowote: lavenda, siku kadhaa bila harufu, picha ya paka anayetabasamu. Ukubwa wa chembe kwa milimita ni nadra kuuona. Mfuko umefungwa, kuugusa huwezi, na ukiufungua nyumbani paka akaukataa, mara nyingi duka halirudishi pesa. Ukiuliza unaambiwa atazoea. Manukato yenyewe ni ya kukufurahisha wewe. Pua ya paka ni kali kuliko yetu, na anachimba akiwa ameinamia humo. Mifuko midogo ya kujaribia ni adimu, na ikipatikana, kilo yake ni ghali kuliko ya mfuko mkubwa. Waulize kama wana sampuli. Wakikosa, gawana mfuko na jirani mwenye paka, kisha weka mabeseni mawili sambamba yenye mchanga tofauti na umwache achague mwenyewe.

Kuna kampuni, sitaitaja, iliyobadilisha chembe zake zikawa nene huku mfuko ukibaki na rangi ile ile, ila umeongezewa maandishi ya "mpya na bora". Paka wangu aligundua kabla yangu. Tangu hapo mfuko mpya naununua wa zamani ukiwa bado na kitu ndani, namwaga kidogo wa kila mmoja kwenye sahani mbili na kusugua kwa vidole, na nikiona tofauti nachanganya kidogo kidogo kwa wiki nzima.