The Concept of Law cha H.L.A. Hart: sura zinazobeba kitabu kizima

Muulize mtu yeyote sheria ni nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: ni amri ya wenye mamlaka, na ukiivunja unaadhibiwa. Kitabu hiki kiliandikwa kulibomoa jibu hilo, na kinalibomoa polepole, tofali baada ya tofali, hadi msomaji anajikuta anauliza ukuta umekwenda wapi. Kilitoka Oxford mwaka 1961. H.L.A. Hart alikuwa wakili London kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuanzia 1952 alikuwa profesa wa falsafa ya sheria Oxford. Uwakili wake unaonekana. Akitaka mfano hakimbilii mauaji wala uhaini, anashika wosia.

Kwanza suala la toleo, maana hapa watu hutupa pesa bure. Toleo la 1961 lina sura kumi basi. La pili, la 1994, limeongezewa jibu kwa wakosoaji, ambalo wahariri Penelope Bulloch na Joseph Raz walilipata kwenye karatasi za Hart baada ya yeye kufariki mwaka 1992. La tatu, la 2012, lina pia utangulizi mrefu wa Leslie Green. Sura kumi zenyewe ni zilezile. Chukua la tatu. Ukilipata la pili kwa bei nzuri, hukosi kitu cha lazima. La kwanza waachie wakusanyaji wa vitabu, kwani kurasa zake hazilingani na za matoleo ya baadaye na marejeo ya makala za sasa yatakuzungusha.

Jambo jingine la kimatumizi: karibu maelezo yote ya ziada yamewekwa mwishoni mwa kitabu, na Hart mwenyewe anataka yasomwe baada ya kumaliza kila sura. Mtii. Anayesoma huku kidole kimoja kiko nyuma atapoteza uzi kufikia ukurasa wa tano.

Sura ya 2 hadi ya 4 ni hoja moja iliyokatwa vipande vitatu, na mpinzani ni John Austin, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, ambaye mwaka 1832 alisema sheria ni amri za mtawala aliyezoeleka kutiiwa, zenye tishio nyuma yake. Hart analivisha wazo hilo sura ya jambazi mwenye bastola: lete pesa au nafyatua. Kisha anauliza kinachokosekana kati ya jambazi huyo na bunge. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tofauti anayoihangaikia kwa kurasa kadhaa sisi tunayo mdomoni. Mbele ya bastola mtu *analazimika* kutoa pesa. Hakuna anayesema *anawajibika* kuzitoa. Nadharia ya amri na vitisho inaeleza kulazimika vizuri sana, lakini wajibu hauioni kabisa.

Pigo kali zaidi linatoka kwenye wosia. Sheria ya Uingereza ya 1837 inataka wosia ushuhudiwe na watu wawili. Ukiandika wosia ukashuhudiwa na mmoja, hakuna askari atakayekuja. Hujakatazwa kitu, hujakosea mtu. Karatasi yako imebaki karatasi tu. Mtetezi wa Austin atasema huo ubatili ndio adhabu. Jibu la Hart ni la kusomwa mara mbili: ondoa adhabu kwenye kanuni inayokataza wizi, katazo linabaki na maana yake. Ondoa ubatili kwenye kanuni ya mashahidi wawili, hakibaki chochote cha kuitwa kanuni. Ni kama mchezo ambao kila mpira ni goli, uingie wavuni au usiingie. Kwa hiyo kuna sheria zinazokataza na kuna sheria zinazompa mtu uwezo, wa kurithisha, kuoa, kufunga mkataba, kutunga sheria nyingine, na hizi za pili hazigeuki amri hata uzipinde vipi.

Halafu kuna mfalme wa kubuni, Rex wa Kwanza. Watu wamemtii miaka mingi. Anakufa, anaingia Rex wa Pili. Asubuhi ya kwanza hakuna mazoea ya kumtii, maana hajaamuru kitu bado. Na bado amri yake ya kwanza ni sheria. Imetoka wapi? Mazoea ya kumtii baba hayawezi kumpa mtoto haki. Hart anageuza swali upande wa pili pia: mwaka 1944 mwanamke mmoja alitiwa hatiani Uingereza kwa sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Waliotunga sheria ile walikuwa wamezikwa zamani. Ni nani basi aliyekuwa akiamuru mwaka 1944?

Ukifika hapo umeiva kwa sura ya 5 na ya 6, ambazo pekee zinatosha kulipia bei ya kitabu. Jibu la Hart ni kwamba chini ya sheria hakuna mtu bali kanuni, tena za aina mbili. Za daraja la kwanza zinaelekeza mwenendo: usiibe, lipa kodi. Za daraja la pili zinazungumzia hizo za kwanza: zipi zinahesabika, zinabadilishwaje, nani anaamua ugomvi. Fikiria jamii yenye za kwanza peke yake. Itapata shida tatu. Likizuka shaka kama jambo fulani ni kanuni, hakuna pa kuangalia. Kanuni ikipitwa na wakati, hakuna njia ya kuibadilisha ila kusubiri ife yenyewe. Wakibishana wawili, hakuna wa kumaliza. Dawa zake ni kanuni ya utambuzi, kanuni za mabadiliko na kanuni za uamuzi.

Wasomaji hukwama hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya tafsiri: wakisikia "daraja la pili" wanadhani ni za ziada, za pembeni. Kinyume chake, ndizo zinazogeuza rundo la kanuni kuwa mfumo. Ya pili ni kosa la Hart mwenyewe. Mahali pamoja anatofautisha madaraja kwa kazi, za kwanza zikiweka wajibu na za pili zikitoa uwezo. Mahali pengine anatofautisha kwa mada, za pili zikiwa kanuni kuhusu kanuni. Vigezo hivi havilingani. Kanuni ya utambuzi ni ya daraja la pili kwa kigezo cha mada, lakini kwa hakimu inaonekana kama wajibu: sheria ikipita mtihani huu, lazima uitumie. Kigezo cha mada ndicho kinachosimama. Shika hicho usonge mbele.

Mfano bora wa kitabu kizima ni taa ya barabarani. Mtu anayechungulia dirishani kwa mwezi mzima ataandika kwamba taa ikiwa nyekundu, magari mengi husimama. Kwake taa ni dalili, kama wingu na mvua. Kwa dereva, taa ni sababu ya kusimama, na ndiyo sababu atamkemea asiyesimama. Huo ndio mtazamo wa ndani. Si hisia ya kubanwa wala kuipenda sheria, ingawa hivyo ndivyo karatasi nyingi za mitihani huandika. Ni kuichukua kanuni kama kipimo cha mwenendo wako na wa wenzako.

Sura ya 6 inauliza kanuni ya utambuzi yenyewe inapata wapi uhalali. Hart anajibu kwamba haina, wala haikosi. Fimbo ya mita iliyohifadhiwa karibu na Paris ilikuwa kipimo cha mita zote. Kuuliza kama yenyewe ni sahihi ni kuuliza kitu kisichoulizika. Kanuni ya utambuzi ipo kwa sababu majaji na maofisa wanaitumia, na mtu anaweza kwenda kuangalia kama wanaitumia. Hapa ndipo anapoachana na Hans Kelsen, mwanafalsafa wa sheria kutoka Austria, ambaye kanuni yake ya msingi ni ya kudhaniwa tu.

Gharama ya jibu hili inatajwa kurasa chache mbele, na ni kwa sifa ya Hart kwamba haifichi. Mfumo wa sheria unahitaji mambo mawili pekee: raia kwa jumla watii, na maofisa wazikubali kanuni za daraja la pili. Raia si lazima wawe na mtazamo wa ndani. Wanaweza kuwa kondoo, anasema, na kondoo wanaweza kuishia machinjioni, na bado huo ukawa mfumo wa sheria.

Sura ya 7 ndiyo maarufu kwa kanuni ya kukataza magari bustanini. Kila neno lina kiini kilicho wazi na ukingo wenye giza: gari dogo la mtoto linalokwenda kwa umeme ni gari? Kwenye ukingo, jaji anachagua. Jaribu mfano huo kwa Kiswahili uone. Ukiandika "chombo cha moto", baiskeli imeshatoka. Ukiandika "gari", pikipiki nayo inaanza kuponyoka. Ukingo unahama na neno, jambo ambalo linamuunga Hart mkono. Lakini soma pia jibu ambalo Lon Fuller, mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, aliutolea mfano huo mwaka 1958, Hart alipoutaja kwanza kwenye makala kabla ya kitabu: tuseme wazalendo wanataka kuweka bustanini lori la vita, zima na linalowaka, juu ya jukwaa la kumbukumbu. Ni gari bila shaka yoyote, liko kwenye kiini kabisa, na bado unasita. Kinachokusitisha si neno, ni lengo la katazo. Hart hakuwahi kulimaliza lori hilo kwa namna ya kuridhisha.

Sura ya 8, juu ya haki, ipite kwa mwendo wa kawaida. Ya 9 ipe siku nzima. Humo kuna kesi za Ujerumani baada ya vita, za watu waliowachongea jamaa zao kwa serikali ya Hitler kwa kutumia sheria za wakati ule. Je, zilikuwa sheria? Hart anasema tuseme ndiyo: hii ni sheria, na ni ovu mno kutiiwa. Anayekataa kuiita sheria anafunga swali la utii kabla halijaulizwa. Sisi tunaotumia neno moja, haki, kwa anachostahili mtu na kwa uadilifu wenyewe, tunaona kwa nini wengi wanataka kuvifunga vitu hivi pamoja. Pia anakubali kwamba sheria yoyote, ili idumu, lazima iwe na maadili kidogo, kwa kuwa binadamu wanaumizika, wanakaribiana nguvu, huruma yao ina mipaka, vitu havitoshi, na akili na nia zao ni dhaifu. Orodha fupi, na imara kuliko inavyoonekana.

Sura ya 10, juu ya sheria ya kimataifa, ndiyo iliyochakaa zaidi.

Jibu la mwisho, lililotoka 1994, linamlenga zaidi Ronald Dworkin, mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, na bila makala yake ya 1967 utakuwa unasikia upande mmoja wa simu. Anza na kesi anayoitumia humo, ya New York ya 1889, ya mjukuu aliyemuua babu yake kwa sumu ili arithi. Wosia ulikuwa halali, kanuni zote zimetimia, na mahakama ikamnyima kwa msingi kwamba mtu asinufaike na uovu wake. Msingi huo ulipitishwa na nani, lini? Hart anajibu kwamba kanuni ya utambuzi inaweza kuipokea misingi ya maadili pia. Inawezekana, ila mtihani uliokusudiwa kumaliza ubishi sasa una kipengele ambacho chenyewe ni ubishi. Alikusudia sehemu ya pili kwa wakosoaji wengine. Hakuikamilisha, na wahariri hawakuichapisha.

Swali la kwa nini majaji waikubali kanuni ya utambuzi limeguswa kwa mistari michache tu kwenye sura ya 9: huenda kwa hesabu ya faida ya baadaye, huenda kwa kuwajali wengine, huenda kwa mazoea ya kurithi, au kwa kutaka tu kufanya kama wenzao.